Petroli Iliyolala na Waya wa Mpinini

Msikilizaji, masika yameingia. Viwanja vya shule, makanisa na hoteli vimeshaota majani, na huko utamkuta mtu ameinamia mashine ya kukatia majani, anavuta kamba, anavuta tena, injini haiwaki. Mashine hiyo ilisukumiwa stoo vuli ilipokatika, na petroli ikaachwa ndani ya tangi. Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni huo.

Watengenezaji wa injini hizi wanaonya kwamba petroli isiyotiwa dawa ya kuihifadhi huanza kuharibika ndani ya siku 30 hivi. Sehemu yake nyepesi, ile inayoshika moto upesi, hupotea hewani, na kinachobaki huganda taratibu kama gundi ndani ya kabureta. Tundu la jeti, yaani kipande cha kabureta kinachopitisha petroli, ni dogo mno, utando kidogo tu unatosha kuliziba. Mwenye mashine anaambiwa kabureta imekufa, anunue mpya, na mtunza bustani anabeba lawama kwamba kaiharibu. Nasema kwa uhakika, nyingi ya kabureta hizo zingepona kwa kusafishwa tu.

Kabla hujatoa pesa, anza na plagi. Vuta kamba mara kadhaa, kisha ifungue uitazame ncha yake. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, mafuta yanafika. Tatizo linaweza kuwa cheche, au petroli yenyewe imechacha. Safisha masizi, rekebisha mwanya, ambao kwa injini nyingi za aina hii ni milimita 0.7 hadi 0.8, au weka plagi mpya, maana bei yake ni ndogo. Ikiwa ncha ni kavu, mafuta hayafiki. Mwaga petroli ya zamani, weka mpya, hakikisha koki ya mafuta imefunguliwa. Bado? Injini ikiwa imepoa, mkiwa nje, mbali na jiko na sigara, fungua bakuli lililo chini ya kabureta. Hapo utaona uchafu, pengine na matone ya maji. Jeti isafishe kwa uzi mmoja laini wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano ya chuma, italipanua tundu na mashine itaanza kula mafuta.

Kuna hitilafu moja inayowasumbua hata mafundi wazoefu. Mashine inawaka vizuri, inakata dakika chache, inazima. Ukipumzika kidogo, inawaka tena. Watu hubadilisha plagi, hubadilisha kabureta, na hali inabaki ile ile. Ikizima tena, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inafyonzwa kuingia ndani na injini ikakubali kuendelea, basi kitundu cha hewa kwenye kifuniko kimezibwa na vumbi. Kisafishe, kazi imekwisha.

Moshi mweusi unakutuma kwenye chujio la hewa. Moshi mweupe baada ya mashine kulazwa ni oili iliyoingia pasipotakiwa; siku nyingine ilaze kabureta na chujio vikiwa juu. Mlio unaopanda na kushuka bila kutulia ni jeti iliyoziba nusu.

Sasa kisu. Mashine ikigonga jiwe na kuanza kutetemeka, izime papo hapo. Chomoa waya wa plagi kabla mkono haujaingia chini, kila mara, kwa sababu ukikizungusha kisu injini inaweza kuwaka. Kisu kilichopinda hakinyooshwi kwa nyundo, kinabadilishwa.

Lakini kuna tengenezo moja linaloniumiza roho. Ni ule wenzo wa mpinini unaotakiwa kushikwa muda wote, ukiuachia kisu kisimame. Mtu akichoka kuubana, au waya wake ukikatika, anaufunga kwa waya au mpira usiachie tena. Marekani, tangu 1982, kanuni inataka kisu cha mashine ya kusukuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya wenzo kuachiwa. Kanuni hiyo iliwekwa kwa sababu watu walikuwa wakipoteza vidole vya mikono na miguu. Hapa kwetu anayesukuma mashine mara nyingi amevaa kandambili, na majani yenyewe yamelowa mvua, akiteleza mguu unakwenda moja kwa moja chini. Huo wenzo ndio kinga yake ya mwisho.

Kwa hiyo, mwalimu mkuu, mzee wa kanisa, meneja wa hoteli, nawaomba. Wanunulieni wafanyakazi wenu viatu vigumu, na kesho asubuhi ingieni stoo mkaukague mpini. Mkikuta waya umeufunga wenzo, ukateni, na mashine isitoke mpaka fundi airekebishe izime inavyotakiwa.