Uboho Unapozalisha Chembe Kupita Kiasi

Katika Kigwena, kusini mwa Rumonge nchini Burundi, ambako malaria ni ugonjwa wa kila mwaka, wengu uliovimba, yaani bandama iliyokua hata ikapapaswa chini ya mbavu za kushoto, huhesabiwa kuwa kazi ya malaria, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Yapo hata hivyo maradhi mengine yenye dalili hiyohiyo, ambayo chimbuko lake ni uboho, ile nyama laini ndani ya mifupa ambamo chembe za damu huzaliwa. Daktari Mmarekani William Dameshek aliyakusanya katika kundi moja mwaka 1951, kwa kuwa katika yote uboho huzalisha chembe pasipo kikomo.

Zikizidi chembe nyekundu, damu huwa nzito, kichwa huuma, ngozi huwasha baada ya kuoga maji ya moto, na damu huweza kuganda mishipani. Mgonjwa hupunguzwa damu kwa vipindi, kama mtu anayejitolea damu.

Linalohitaji maelezo marefu zaidi ni lukemia sugu ya mailoidi, saratani ambamo chembe nyeupe ndizo zinazofurika. Mgonjwa hukonda, hutokwa na jasho usiku, na hushiba kwa matonge mawili matatu ya ugali na ndagala, kwa sababu wengu umelibana tumbo. Damu yake ikitulia katika kichupa cha maabara, utando mweupe ulio juu ya chembe nyekundu, ambao kwa mwenye afya ni mwembamba kama uzi, huonekana mnene. Chembe nyeupe, ambazo kwa kawaida hazizidi 11,000 hivi katika mikrolita moja, huweza kupita 100,000. Kwa hiyo wengu usiponywea baada ya tiba ya malaria, inafaa chembe za damu zihesabiwe.

Chanzo cha lukemia hii ni kromosomu ya 9 na ya 22 kubadilishana vipande ndani ya chembe ya uboho: kosa lisilorithiwa wala kuambukizwa, na lisilohusiana na kurogwa. Dawa ya imatinibu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001, huizuia protini inayozaliwa na kosa hilo. Katika nchi jirani ya Rwanda, kituo cha saratani cha Butaro, kilichofunguliwa mwaka 2012, kimewatibu kwa dawa hiyo wagonjwa wa vijijini, nao humeza kidonge kila siku, hata baada ya wengu kurudi mahali pake.