Friza Haiui Bakteria



Kati ya mwaka 2015 na 2018 watu 47 waliugua listeriosisi, ugonjwa unaoletwa na bakteria aitwaye listeria, huko Austria, Denmaki, Ufini, Uswidi na Uingereza. 9 kati yao walifariki. Hawakula meza moja wala hawakuugua msimu mmoja. Vinasaba vya bakteria waliowaambukiza viliposomwa ndipo ikabainika ni wa ukoo mmoja, na njia ikaishia kwenye kiwanda cha kugandisha mboga mjini Baja, Hungaria. Chanzo kikuu kilikuwa mahindi matamu. Mwishoni mwa Juni 2018 mamlaka ya chakula ya nchi hiyo ilizuia mboga zote zilizogandishwa hapo tangu Agosti 2016.

Bakteria huyo alikutwa katika mboga za 2016, 2017 na 2018, ingawa kiwanda kilikuwa kikisafishwa na kupigwa dawa. Listeria ni king'ang'anizi: hujificha kwenye maungio ya mashine na mifereji ya sakafu. Mboga huchovywa kwenye maji moto kabla ya kugandishwa, na bakteria wengi hufa hapo, lakini zinaweza kuchafuka upya zikipoozwa au kufungashwa. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri haimuui, inamsinziza tu. Mboga zikiyeyuka anaamka, na hata ndani ya friji, kwenye nyuzi 4, anaendelea kuzaana.

Sasa tazameni jikoni. Pakiti ya njegere, karoti na mahindi imeachwa kwenye bakuli tangu asubuhi. Mchana maji yanamwagwa, mboga zinachanganywa na mayonezi, na saladi inayobaki inarudi friji hadi kesho. Aliyeiandaa simlaumu. Mboga zimekatwa vizuri, rangi inang'aa, kila dalili inamwambia zimekwisha kupikwa. Ni wajibu wa mwenye kiwanda kumwambia ukweli.

Dawa ya listeria ni moto: nyuzi 70 hadi katikati ya chakula, kwa dakika 2. Asiye na kipimajoto aache mboga zichemke hadi mvuke utoke katikati ya sufuria, si pembeni tu. Anayetumia mikrowevu akoroge, maana chombo hicho huacha sehemu baridi. Zinazoingia kwenye saladi au juisi zipikwe kwanza, zipoe, ziliwe siku hiyo hiyo. Umeme ukikatika, friza iliyojaa hutunza baridi kwa takribani saa 48 ikiwa haifunguliwi. Iliyojaa nusu, saa 24.

Mama mjamzito akiambukizwa anaweza kupata homa ndogo tu, kisha akapoteza mimba. Wazee na watu wanaoishi na VVU nao wako hatarini zaidi. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 70, na nani atakumbuka saladi ya miezi miwili iliyopita? Afrika Kusini, mwaka 2017 na 2018, listeria iliyokuwa kwenye soseji za poloni iliua watu zaidi ya 200. Kundi kubwa zaidi lilikuwa watoto wachanga.

Wenye viwanda na waagizaji, andikeni mbele ya pakiti, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa: PIKA KABLA YA KULA. Nanyi wauguzi wa kliniki za wajawazito, naomba mlitaje jambo hili mama anapofika kwa mara ya kwanza.