Miti ya Kupanda Mbugani: Mazungumzo kwa Wananchi wa Kilimatinde



Kilimatinde ipo ukingoni mwa Bonde la Ufa, juu ya nchi tambarare inayoelekea Bahi. Katika mbuga za udongo mweusi maji hutuama wakati wa masika. Ifikapo Agosti ardhi ile ile imepasuka nyufa. Mti upandwao hapo hauna budi kuyavumilia yote mawili, na ndiyo sababu miche mingi iliyopandwa kwa nia njema hufa.

Katika nyanda za juu zenye baridi, kama Rwanda na Kigezi nchini Uganda, wakulima huthamini mti wa alda. Mizizi yake huhifadhi bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kurutubisha udongo. Lakini alda hupenda unyevu na ubaridi. Kiangazi cha Manyoni kingeuua. Wala hakuna haja ya kuufuata mbali. Mgunga ule upukutishao majani masika na kuchipua kiangazi hufanya kazi iyo hiyo: mtama ulio chini yake hupata mwanga msimu wa kilimo, na maganda yake hulisha mbuzi malisho yanapoadimika.

Mbegu zake ni ngumu, hivyo humwagiwa maji ya moto na kuachwa humo hadi kesho yake. Mche usikawie kitaluni, kwa kuwa mzizi mkuu hujikunja ndani ya kiriba, na mzizi uliojikunja hauyafikii maji ya chini. Penye maji yanayotuama, mche upandwe juu ya tuta, si shimoni. Karibu na kisima unafaa zaidi mkuyu, ambao huota hata kwa kipande cha tawi.

Mkaratusi usisogezwe kisimani. Hukua upesi, ni kweli, na nguzo zake zina bei. Lakini kiu yake hulipwa na akina mama wanaosubiri ndoo ijae. Kwenye kingo za mito, maziwa na mabwawa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 zisizoruhusiwa shughuli za kudumu za kibinadamu. Bustani za mboga huvuka mpaka huo kimyakimya kila kiangazi.

Lililobaki ni mifugo. Baada ya mavuno ng'ombe huachiwa mbugani, na mche usio na uzio hauoni masika ya pili. Kijiji kinachokusudia kupanda msimu huu kikubaliane kwanza na wafugaji, kisha kikate miiba, ndipo kiagize miche.