WATOTO WETU NA UFUNDI WA RELI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Makongeni)



Nina neno moja. Tusiwazuie watoto wetu kusomea uinjinia wa reli kwa sababu wametuona tukirudi nyumbani na nguo za mafuta. Mafuta hutoka kwa sabuni. Ujinga hautoki kwa sabuni.

Kumbukeni tulikotoka. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Siku za ukoloni vyeo viligawanywa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Kazi yetu ilikuwa kubeba, si kupima. Kizuizi kile kimeondoka. Chuo cha Mafunzo ya Reli, kilichoanzishwa mwaka 1956, kiko hapa hapa Nairobi. Na reli mpya ya Mombasa ilipofunguliwa mwaka 2017, wanawake Wakenya walikuwa miongoni mwa madereva. Basi mzazi asiseme kazi hii si ya binti.

Wako wanaosema, "Reli ilipokodishwa mwaka 2006 wengi walipunguzwa kazini. Mbona mtoto wangu afuate njia hiyo?" Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni hili: kazi yaweza kuchukuliwa, lakini ufundi ulio kichwani hauchukuliwi. Reli mpya ilijengwa na kampuni ya China. Tusipotoa mafundi wetu, tutawalipa wageni siku zote.

Vijana, msiogope hesabu. Chuma hurefuka kwa joto. Reli ya mita 12, joto likizidi kwa digrii 30, hurefuka milimita 4 hivi. Ndiyo sababu kwenye maungio ya reli fupi huachwa nafasi ndogo. Nafasi isipotosha, reli hupinda na gari la moshi huanguka. Basi injinia ni mtu ambaye hesabu yake hulinda roho za watu.

Naomba mambo matatu. Mzazi, kagua daftari la hesabu la mtoto kila juma. Fundi, kijana akikuuliza, mweleze, usimfukuze. Na sisi wa chama tuwadai waajiri wachukue wanagenzi zaidi, wawafundishe kazi kweli kweli na kuwalipa, wala wasiwafanye vibarua wa bure.