Maji ya Mjini Yanatuhusu Nini?

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tunataka kuzungumza juu ya maji ya mji wa Dar es Salaam. Tulipoitaja habari hii mara ya kwanza darasani, mzee mmoja alinyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, sisi tunateka maji mtoni kwa ndoo. Watu wa Dar es Salaam wana mabomba. Maji yao yanatuhusu nini?" Watu walicheka. Lakini swali lake ni zuri, nasi tutajaribu kulijibu.

Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka mto Ruvu. Mto huu huanzia milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro. Huteremka, hupokea maji ya mito mingine kama Mgeta na Ngerengere, hupita Mkoa wa Pwani, kisha huingia baharini karibu na Bagamoyo. Njiani kuna mitambo miwili mikubwa ya kuvuta na kusafisha maji. Mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi, ulijengwa mwaka 1959. Ule wa Ruvu Chini ulijengwa mwaka 1976. Baada ya kupanuliwa, Ruvu Juu unaweza kutoa lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini lita milioni 270. Hebu chukueni kalamu mjumlishe. Mmepata lita milioni 466, si ndivyo?

Basi maji anayokunywa mtu wa Kariakoo yamepita kwanza kando ya shamba la mtu wa Uluguru. Hilo ni jibu la kwanza kwa mzee wetu.

Sasa tuje kwenye ukame. Mtambo wa maji ni kama mrija. Hata mrija uwe mnene namna gani, kikombe kikiwa kitupu hutapata kitu. Mwaka 2021 mto Ruvu ulipungua. Mwaka 2022 ukapungua tena, na mwezi Oktoba mitambo ile ikawa inatoa kama lita milioni 300 tu kwa siku. Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu zaidi ya watu milioni 5 mjini humo. Mgao ukaanza. Mwenye tangi kubwa alijaza tangi lake. Asiye na tangi alinunua maji kwa dumu, na wengi wao ni watoto wetu waliokwenda huko kutafuta kazi.

Watu wengi waliilaumu mvua. Sisi hatukubali sana. Mnajua wenyewe kwamba wakati wa masika Ruvu hufurika, na maji yote yale huenda zake baharini. Mkulima anayevuna magunia 20 akayaacha uwanjani bila kihenge, akilia njaa baadaye tutamwambia nini? Mto Ruvu haukuwa na kihenge.

Kihenge chenyewe ni Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro. Bwawa hilo lilizungumzwa kwa miaka mingi sana, na mkataba wa kulijenga ulitiwa saini Novemba 2022, wakati ukame wenyewe umekwisha kuuma. Limepangwa kuweka lita bilioni 190. Gawanyeni kwa lita milioni 466 za kila siku. Mnapata siku 407, yaani zaidi ya mwaka mmoja. Lakini angalieni! Hiyo ni hesabu ya daftari. Jua hunyonya maji ya bwawa. Samaki na watu walio chini ya bwawa nao lazima waachiwe maji yao. Tena kuna matope.

Hapa kwenye matope ndipo tunapohusika zaidi. Ukilima mteremko bila matuta, mvua huchukua udongo wako. Udongo huo haupotei. Huenda kukaa chini ya bwawa, na kila debe la matope huchukua nafasi ya debe la maji. Hivyo mwenye jembe kule mlimani anaweza kulinda bwawa au kulijaza, hata kama hajapata kuliona. Zamani kidogo, mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango huko Uluguru. Wakulima waliotengeneza matuta na kupanda miti walilipwa fedha, na shirika la maji la Dar es Salaam lilikuwa mmoja wa walipaji. Wapo wanaosema eti kumlipa mtu kwa kutunza shamba lake mwenyewe ni kumdekeza. Sisi tunaona ilikuwa haki. Matuta hula nguvu na hula nafasi ya mazao, na faida yake nyingine huishia kwenye bomba la mtu mwingine.

Msidhani pia kwamba bwawa likijengwa kazi imekwisha. Tazameni mji wa Cape Town, Afrika ya Kusini. Wao wana mabwawa makubwa 6. Mwaka 2014 yalikuwa karibu kujaa. Zikafuata mvua haba miaka 3, yaani 2015, 2016 na 2017. Mwanzoni mwa 2018 viongozi walitangaza kwamba siku inakuja ambapo mabomba yatafungwa, na kila mtu atapanga foleni kuchota lita 25. Siku hiyo haikufika. Kuanzia Februari 2018 kila mtu aliwekewa kipimo cha lita 50 kwa siku, yaani ndoo mbili na nusu. Watu walioga wamesimama ndani ya beseni, kisha maji yale wakayamwaga chooni. (Hapa kwetu, mama mwenye ndoo mbili na nusu kwa kila mtu wa nyumbani angejiona tajiri!) Wakulima wa jirani wenye mabwawa yao wakaufungulia mji kama lita bilioni 10. Ndipo mvua ikanyesha.

Kwetu, wakati wa ukame wa Ruvu, wakulima waliokuwa wakivuta maji kwa pampu waliambiwa wazizime. Mjini watu walifurahi. Lakini mwenye nyanya zilizokwisha kutoa maua alikuwa na neno gani? Hatusemi nyanya zitangulie. Maji yakiwa machache, kunywa ni kwanza, na sheria ya maji ya mwaka 2009 nayo ndivyo inavyopanga. Tunasema mambo haya yazungumzwe wakati wa masika, mto ukiwa umejaa na hakuna aliyekasirika. Nani atazima pampu kwanza? Kwa siku ngapi? Naye atapata nini?

Pahali pa kuyazungumza papo. Ipo Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na ofisi yake iko Morogoro. Hiyo ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji. Zipo pia jumuiya za watumia maji. Ulizeni kama kijiji chenu kimo. Mwenye pampu bila kibali hana la kusema siku ya kuzimiwa.

Jumatano ijayo hatutakaa darasani. Tutakutana mtoni. Kila kikundi kije na kamba ya mita 10, tuipime mara 6 kutoka ukingoni, kwa sababu sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60. Mzee wetu amekwisha kutuambia kwamba mahindi yake yamo humo humo, na anataka kujua akiondoka hapo atalima wapi. Tumemwomba mwenyekiti wa kijiji awepo, amjibu mbele yetu sote.