BAJETI NA JIKO LA MWANANCHI

Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa makanisa na watetezi wa haki za raia



Kwa kawaida mwezi wa Juni Waziri wa Fedha husimama Bungeni kusoma bajeti ya taifa. Wengi wetu husikiliza habari za bia na sigara, kisha tukazima redio. Ilhali hotuba ile ndiyo huamua bei ya unga, na kama duka la kijijini litaendelea au litafungwa.

Chukueni Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Iliongeza ushuru wa ongezeko la thamani juu ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mtu atasema, "Mimi sina gari." Lakini dizeli ndiyo huendesha matatu, trekta na kinu cha kusaga mahindi. Asiye na gari huulipa ushuru huo katika nauli na ndani ya gorogoro ya unga.

Sheria iyo hiyo ilipandisha kodi ya mauzo ya wafanyabiashara wadogo kutoka asilimia 1 hadi 3. Kodi hii hutozwa juu ya mauzo, wala si juu ya faida. Mwenye duka auzaye bidhaa za shilingi 2,000,000 kwa mwaka, akabakiwa na faida ya shilingi 200,000, alikuwa akilipa 20,000. Kwa kiwango kipya hudaiwa 60,000. Katika kila shilingi kumi za faida yake, tatu zimekwenda. Na mwaka wa hasara, bado anadaiwa.

Kisha upo ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri hulipa kiasi hicho hicho. Shule ndogo yenye wafanyakazi 10, kila mmoja akipata shilingi 20,000, hutoa shilingi 3,000 kwa mwezi, mbali na 3,000 wanazokatwa wafanyakazi wenyewe.

Sisemi kodi isilipwe. Hospitali hazijengwi kwa maombi pekee. Nasema kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 201, yaagiza mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na wananchi washirikishwe.

Wala tusingoje mahakama. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha sheria ile ya 2023. Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Muda wote huo mwenye duka alikuwa akilipa.

Wala tusingoje maandamano. Mswada wa mwaka 2024 ulipopendekeza mkate utozwe asilimia 16, vijana walijaa barabarani. Pendekezo hilo liliondolewa, na Juni 26 Rais akakataa kuutia sahihi mswada wote. Lakini tayari kulikuwa na wazazi waliokuwa wakiwalilia watoto wao. Neno lililostahili kusikilizwa kwa kalamu lisigharimu tena uhai wa mtu.

Makadirio hufikishwa Bungeni kabla ya Mei kuanza, na Kifungu cha 221 chailazimu kamati kupokea maoni ya umma. Basi kila parokia na kila chama cha akina mama kiteue watu watatu: wausome mswada, wapige hesabu ya duka moja na jiko moja la mahali pao, waiandike na kuipeleka kwa kamati, na nakala kwa mbunge. Kisha wahifadhi nakala yao, wamwulize mbunge alivyopiga kura.