Mtandamboo: Kichaka Chetu Kisichoogopa Kiangazi
(Hotuba kwa wenye mashamba na wenye bustani za mjini)



Nimeombwa niseme juu ya mmea ambao wengi wenu mwaujua tangu utoto, lakini ni wachache walioupanda kwa mikono yao wenyewe. Kwa Kiswahili waitwa mtandamboo. Wakikuyu na Wakamba huuita mukawa, Wamasai olamuriaki, na Wajaluo ochuoga. Vitabu vya zamani vya elimu ya mimea huuita Carissa edulis. Wataalamu wa siku hizi wauhesabu kuwa ni aina moja na Carissa spinarum, iliyoenea kutoka Afrika hata Bara Hindi na Australia.

Huenda mtu akauliza, ya nini kupanda kichaka cha porini mbele ya nyumba? Jibu langu ni maji. Tangu mwishoni mwa 2020 hata mwishoni mwa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki ya Kenya, na mifugo mingi sana ikafa. Mjini nako, mtu ambaye mfereji wake hutoa maji siku chache tu za juma hawezi kuyamwaga juu ya maua ya kigeni huku watoto wangali wanangojea ya kunywa. Mtandamboo ukisha kushika mizizi hauombi maji kwa mtu. Majani yake ni mazito kama ngozi, yang'aa, wala hayapukutiki wakati wa jua kali, hata bustani nzima ikiwa imekauka kuwa rangi ya udongo.

Tena si kijani kitupu. Maua yake ni meupe ndani na mekundu kidogo kwa nje, na harufu yake yafanana na ya asmini. Nyuki huyapenda sana. Baadaye huja matunda madogo ya mviringo, kwanza ya kijani, kisha mekundu, mwisho meusi yenye zambarau. Hayo meusi ni matamu. Mchungaji gani wa mbuzi hakushiba kwayo? Wamasai hutia mizizi yake katika supu ya nyama, nao wataalamu wa Kenya walitangaza mwaka 2006 kwamba dawa iliyokamuliwa katika mizizi hiyo ilizuia virusi vya malengelenge katika majaribio ya maabara na ya panya. Hayo ni majaribio, si ruhusa ya kujitibu nyumbani.

Sasa nawasihi mnisikilize vizuri, maana jambo hili lahusu uhai wa watoto wenu. Katika jamaa moja na mtandamboo mna mti mwingine, msunguti, ambao Wamasai huuita olmorijoi, nao humea katika nchi zile zile. Huo ndio mti wa sumu ya mishale. Wawata wa upande wa Tsavo waliwinda ndovu kwa sumu yake, na sumu inayoweza kusimamisha moyo wa ndovu haitashindwa na moyo wa mtoto. Majani ya miti hii miwili yafanana, yote miwili hutoa utomvu mweupe kama maziwa, maua yote yananukia, na matunda yote huiva yakawa meusi. Tofauti iliyo rahisi kuonekana ni miiba. Mtandamboo una miiba mirefu iliyonyooka na mikali. Msunguti hauna hata mmoja. Usitazame tawi moja tu, tazama kichaka kizima. Ukiona shaka hata kidogo, usichume tunda wala mbegu, bali mwite mzee aijuaye miti ya mahali hapo. Na mtoto akila tunda asilolijua, mpelekeni hospitali saa ile ile, pamoja na tawi la mti wenyewe ili daktari aone.

Njia ya kuupanda si ngumu. Chuma matunda meusi, yapondeponde, osha mbegu, uzianike kivulini, kisha uzipande mapema katika mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza. Vipandikizi vya matawi navyo hushika, ila vyataka subira zaidi. Miche ihamishwe mvua zianzapo, mwezi wa Machi au Oktoba, katika shimo la kina cha sentimita 45 hivi. Kwa ua wa boma acha nafasi ya nusu mita hadi mita moja; kwa kichaka cha pambo peke yake acha mita mbili au zaidi. Katika kiangazi cha kwanza mwagilia mara moja kwa juma, na kufunika shina kwa majani makavu. Mbuzi na ngamia hupenda machipukizi yake, kwa hiyo zungushia matawi ya miiba mpaka yakomae.

Sitawaficha kwamba hukua polepole. Mwenye kutaka ua upesi atapanda lantana, mmea uliotoka Marekani ya joto, ambao sasa umevamia malisho yetu na kudhuru ini la ng'ombe waulao. Kaiyaba kutoka Afrika ya Kusini ni ua mzuri, sina ugomvi nayo, lakini matunda yake ni makali kwa ulimi wangu.

Kata matawi baada ya mavuno, ukivaa glavu nzito, wala usiyatupe njiani pitapo watoto wasio na viatu. Na atakaye mizizi kwa supu achimbe upande mmoja tu wa shina, kisha afukie udongo aushindilie, ili kichaka kisife.

Mwenye swali na aulize.